Usimwambie mtu mzima "acha porojo"

Jamani vijana wa Kigoma, hili neno porojo mnalitumia hovyo sana siku hizi, mtu anakuta wazee wamekaa kwenye kahawa pale Mwanga wanaongea zao anasema hawa kazi yao porojo tu. Hapana. Zile ni soga. Porojo ni maneno yasiyo na kichwa wala miguu, kama ya yule mdaiwa wako wa kila siku kesho, kwahiyo ukimwambia mtu anapiga porojo umemwambia kwamba anachosema hakina ukweli wala faida, na kwa mtu mzima hilo ni tusi kabisa.

Mimi nanunua dagaa Kibirizi, hapa pwani ya Ziwa Tanganyika, na biashara yangu inategemea soga. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wengi hawaingii ziwani, maana dagaa hufuata taa na mbalamwezi ikiwaka taa haina nguvu, basi siku hizo wanakaa pwani wanashona nyavu na kupiga stori mpaka jua linazama. Ukikaa nao ukatulia unajua nani kaanika kwenye chanja na nani kaanika mchangani, nani ana mzigo anatafuta mteja wa jumla, na hakuna anayekutangazia, yanapita humo humo katikati ya mpira na harusi. Gumzo nalo ni kitu kingine, ni jambo moja kwenye midomo ya watu wote, kama 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu samaki wazaliane, pwani nzima ilikuwa hiyo tu.

Sasa pa kuwa makini ni kwenye umbea. Soga inageuka umbea taratibu sana, utaona anatajwa mtu ambaye hayupo halafu sauti zinashuka. Kuna mama namheshimu mno, akianza kuniinamia sikioni namwambia "mama, nitamuuliza mwenyewe akija", yanakatika hapo hapo na hanuni, tunarudi kwenye bei ya mawese.

Na kama una haraka usiwakate watu na maneno ya "acheni porojo nifanye kazi". Sema "wazee wangu naomba niwahi mzigo, soga tutaendelea jioni". Watakuitikia vizuri tu, na wakisikia kuna mtumbwi umeingia na dagaa safi watakupigia simu.