Kuzuiwa kusakinisha si kuzuiwa kukokotoa

Mara ya kwanza nilipojaribu kuweka SageMath (au Sage), programu huria ya hesabu, kwenye kompyuta za maabara ya chuo, nilijifungia nje ya akaunti yangu mwenyewe. Folda yangu ya nyumbani ilikuwa na mgawo wa gigabaiti 2. Sage ikishafunguliwa hula gigabaiti kadhaa, ila hilo sikulitazama. Nilipakua, nikaanza kuifungua, nikaenda kunywa maji. Niliporudi nikakuta ujumbe kwamba mgawo wa diski umekwisha. Nikatoka kwenye akaunti ili niingie upya, nikidhani mambo yatanyooka yenyewe. Naandika nywila, skrini inakuwa nyeusi, kisha narudishwa palepale pa kuandika nywila. Nilihama kompyuta tatu nikiamini ni mbovu.

Kumbe Linux, kabla ya kukuonyesha madirisha na aikoni, huandika vifaili vidogo kwenye folda yako ya nyumbani. Folda ikijaa hadi ukingoni, hakuna pa kuviandika, na unatolewa nje kimyakimya. Dawa ilikuwa kubonyeza Ctrl+Alt+F3, kuingia kwa skrini ya maandishi matupu, na kufuta kile nilichokipakua. Msimamizi wa mfumo ndiye aliyenionyesha. Nilitegemea karipio, yeye akaniuliza swali moja tu: nilikuwa nataka kukokotoa nini hasa? Nikamwambia nataka kuchambua namba kubwa kuwa vigawe tasa. Akacheka. "Sasa kijana, Sage nzima ya nini?"

Swali hilo limeniokolea muda mwingi tangu siku ile. Sage ni kapu: ndani yake mna PARI kwa ajili ya nadharia ya namba, GAP kwa ajili ya makundi, Maxima kwa aljebra ya alama, Singular kwa polinomia, na vingine vingi vilivyofungwa pamoja kwa Python. Ukiwa na kompyuta yako mwenyewe, beba kapu zima. Ukiwa mpangaji kwenye kompyuta ya chuo, chukua kile kimoja unachokihitaji. PARI peke yake haifiki hata sehemu ndogo ya uzito wa Sage, na inafanya kazi niliyoitaka bila kupungukiwa na chochote. Wa matriki na milinganyo ya kinamba aende kwa Octave. Wa kalkulasi na kurahisisha semi atosheke na Maxima au SymPy.

Na kabla ya kupakua hata hicho kimoja, angalia kama hakipo tayari. Kwenye dirisha la amri (terminali) andika `which gp gap maxima octave R python3`, uone kinachojibu; `gp` ndiyo amri ya kuita PARI. Kwenye seva kubwa za kukokotolea andika pia `module avail`, maana programu nyingi huko zimefichwa hadi uziite kwa `module load`. Nina aibu kusema kwamba nilihangaika wiki mbili na Maxima ilhali ilikuwapo muda wote. Haikuwa kwenye menyu tu, na mimi nilikuwa natafuta kwenye menyu.

Tuseme haipo. Wengi hapa hukata tamaa kwa sababu kompyuta imewaambia hawana haki za usimamizi. Ujumbe huo una maana finyu kuliko unavyosikika: huruhusiwi kuandika kwenye folda za mfumo mzima. Kwenye folda yako mwenyewe, mara nyingi unaruhusiwa kuweka na kuendesha upendacho. Mpangaji habomoi ukuta, ila vyombo chumbani mwake anavipanga atakavyo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua ukuta wako ni upi, na hilo ni suala la dakika tano.

Nafasi: `quota -s` itakuambia mgawo wako, na `du -sh ~/.cache` mara nyingi itakuambia nani ameula. (Kwangu ni kivinjari, kila mara.) Angalia pia idadi ya mafaili, kwa sababu mifumo mingine huweka kikomo cha idadi mbali na kikomo cha ukubwa, na mazingira ya Conda (mfumo wa kusakinisha vifurushi vya programu) huweza kuwa na makumi ya maelfu ya vifaili. Kama folda yako ya nyumbani inaletwa kupitia mtandao, vifaili hivyo vitakuchelewesha hata kama nafasi ipo: programu inafungua maelfu ya vipande, na kila kipande kinasafiri peke yake.

Ruhusa ya kuendesha: nakili programu ya mfumo kwenye folda yako na ujaribu kuiita.

`cp /bin/date ~/ && ~/date`

Ikikuonyesha tarehe, uko huru. Ikikataa kwa kukosa ruhusa, basi diski imewekwa kwa namna ambayo haiendeshi programu zozote zilizomo, na kukompaili kwako humo (kugeuza chanzo kuwa programu) ni kazi bure. Hata hapo kuna mwanya halali. Python ya mfumo bado inasoma mafaili yako ya maandishi, na SymPy imeandikwa kwa Python tupu, ikitegemea maktaba moja tu, mpmath, ambayo nayo inaweza kufanya kazi kwa Python tupu. Weka folda za hizo mbili kando ya faili lako la kazi, basi. NumPy, maktaba ya Python ya matriki, uliyoileta mwenyewe haitakubali, kwa sababu ina vipande vilivyokompailiwa.

Mtandao: jaribu `curl -I` kwa anwani yoyote. Kama hakuna jibu, huenda chuo kinapitisha kila kitu kwenye proksi, yaani seva ya kati, na unatakiwa kuijaza kwenye `https_proxy`. Mashine za ndani za klasta (kundi la kompyuta zinazokokotoa pamoja) mara nyingi hazina intaneti kabisa. Pakua kwenye mashine ya kuingilia, endesha kwingine.

Sasa PARI yangu. Nilishusha chanzo chake, nikakifungua, nikaandika:

`./Configure --prefix=$HOME/pari`
`make all`
`make install`

Angalia C kubwa kwenye Configure. Ni ya kweli, na imewahi kunichelewesha. Baada ya dakika chache nilikuwa na `gp` yangu. Kupima kama imekaa sawa huwa nampa `factor(2^128+1)`. Ni namba ya saba ya Fermat, ambayo ilivunjwa kwa mara ya kwanza mwaka 1970 na Morrison na Brillhart, kwa kazi kubwa. Jibu ni 59649589127497217 mara 5704689200685129054721, na kompyuta ya maabara inalitoa kabla hujainua kidole. Ukipata namba hizo mbili, endelea na shughuli zako.

Mambo mawili yalinisumbua. Nikibonyeza mshale wa juu ili kurudia amri ya nyuma, skrini ilijaa `^[[A`. Hiyo ni alama kwamba maktaba ya readline haikupatikana wakati wa kukompaili, na Configure ilisema hivyo wazi kwenye maelezo yake ambayo sikuyasoma. Hesabu hazikuathirika, ila vidole vilichoka. La pili lilikuwa baya zaidi. Baadaye nilikompaili GMP, maktaba ya namba kubwa ambayo PARI huitumia kwenda kasi, nikiwa maabara yenye kompyuta mpya. Nilipohamia maabara ya zamani, `gp` ikafa papo hapo ikilalamikia maagizo haramu. GMP hujishonea nguo kwa kipimo cha prosesa iliyomo, na prosesa za zamani hazikuwa na baadhi ya maagizo hayo. Ukijua utahamahama, ikompaili kwa `--enable-fat`, itachagua yenyewe inapowashwa. Au kompaili kwenye kompyuta nzee kuliko zote. Kwa kawaida kinachokubali kwenye nzee kitakubali kwenye mpya, na kinyume chake usikitegemee, kwa sababu hata maktaba ya C ya mfumo ikiwa ya zamani kuliko ile uliyokompailia, programu itagoma.

Kama kukompaili kunakutia uvivu, tumia micromamba. Ni faili moja, haliombi ruhusa ya mtu, na huchota vifurushi vilivyokwisha kompailiwa kutoka conda-forge:

`micromamba create -p /scratch/$USER/hesabu -c conda-forge pari gap maxima`

Nimeielekeza kwenye `/scratch`, diski ya muda ya seva nyingi, makusudi, maana ndiko kwenye nafasi. Mabaki ya vifurushi yenyewe huyaweka chini ya folda ya nyumbani usipobadilisha `MAMBA_ROOT_PREFIX`, na huo ndio mtego uleule wa gigabaiti 2. Kumbuka pia kwamba folda za namna hiyo hufagiliwa, yaani mafaili yake hufutwa baada ya muda. Mimi huacha huko programu tu, ambazo naweza kuzijenga upya, na orodha ya vifurushi naitunza nyumbani kwenye kifaili kisichofika kilobaiti moja. Tasnifu haikai huko hata usiku mmoja.

Windows za maabara ni habari nyingine. R hukubali kusakinishwa na mtumiaji wa kawaida kwenye folda yake, Octave ina toleo la zipu lisilohitaji kusakinishwa, na `gp` ya Windows ipo kama programu ya kubofya tu. Lakini chuo kikiwa kimewasha sera ya kuruhusu programu zilizoidhinishwa peke yake, hakuna hata moja itakayofunguka. Hapo usijifanye fundi. Nimeona wenzangu wakibadilisha majina ya mafaili na kuwasha kompyuta kwa flashi, na mmoja akafungiwa akaunti wiki ya mitihani. Fungua kivinjari. SageMathCell inakokotoa bila hata kukuuliza jina, mradi hesabu iwe fupi, kwa sababu ina kikomo cha muda. JupyterLite inaendesha Python ndani ya kivinjari chenyewe, SymPy ikiwemo, na hesabu hazitoki kwenye mashine uliyokalia. Hilo la mwisho lina uzito kama unashika data ambayo si yako kuisambaza. Kwa huduma zinazokokotoa kwenye seva za mbali, muulize kwanza msimamizi wa utafiti wako.

Njia ninayoipenda zaidi ni kuiacha kompyuta ya maabara iwe dirisha tu. Kama chuo kina seva ya Linux, washa Jupyter, daftari la kukokotolea ndani ya kivinjari, kule kwa `jupyter lab --no-browser`, kisha upande wako andika `ssh -L 8888:localhost:8888` ikifuatwa na jina lako na la seva. Kivinjari chako kitafungua `localhost:8888` kana kwamba kila kitu kiko mezani pako. Usizime tokeni yake, ile nywila ndefu Jupyter inayoitoa ikiwashwa. Mlango huo unaweza kugongwa na yeyote aliyeingia kwenye seva ileile, na tokeni ndiyo komeo.

Ukishafika kwenye seva ya wengi, adabu inahitajika. Niliwahi kumpa Octave matriki kubwa saa nne asubuhi, nikaenda darasani. Maktaba ya aljebra iliyo chini ya Octave hutawanya kazi kwenye viini vyote vya prosesa inavyoviona, na ile seva ilikuwa na vingi. Nilirudi nikakuta barua pepe mbili za kwanza zenye heshima na ya tatu isiyo nayo. Siku hizi naanza na `export OMP_NUM_THREADS=4` ili isizidi nyuzi nne, naita kazi kwa `nice -n 19` ili iwapishe wengine, na kama kuna Slurm, programu ya kupanga foleni ya kazi, naipeleka kwenye foleni kwa `sbatch` badala ya kuiendesha kwenye mashine ya kuingilia. Kwa kazi ya usiku, fahamu kwamba kwenye mifumo inayotumia tiketi za Kerberos (vibali vya muda vya kuthibitisha wewe ni nani) kulinda mafaili, tiketi ikiisha muda wake kazi inaendelea kukokotoa lakini inakosa ruhusa ya kuandika jibu. Nimewahi kupoteza saa tisa hivyo.

Na kuna njia ambayo wengi huiruka: kuomba. Wasimamizi hupokea maombi kama "naomba software ya hesabu", wakayaacha hapo hapo, na siwalaumu. La kwangu liliandikwa hivi:

"Habari za kazi. Naomba kifurushi `pari-gp` kiwekwe kwenye kompyuta za Linux za maabara. Kipo kwenye hazina rasmi ya Debian, kina leseni ya GPL, hakihitaji malipo wala seva ya leseni. Kitatumiwa na wanafunzi wa nadharia ya namba muhula ujao. Cha kupimia: `echo 'factor(2^128+1)' | gp -q` kinapaswa kutoa vigawe viwili. Asante sana."

Nililituma wiki za likizo, kabla hawajatengeneza nakala moja ya mfumo wanayoimwaga kwenye mashine zote muhula unapoanza. Muhula ukishaanza, nakala hiyo haiguswi kirahisi. Jibu lilikuja siku ya pili, kutoka kwa yuleyule wa Ctrl+Alt+F3: "Imewekwa, pamoja na readline. Mishale inafanya kazi." Nilifuta folda yangu ya `pari` jioni hiyo.