Akiba ya chakula kwa sisi tunaonunua unga wa robo

Wiki hii dada mmoja wa Buhongwa ameniandikia: "Unatuhimiza tuweke akiba ya chakula ndani. Sisi tunaonunua unga wa robo tutaweka nini?" Swali limenigusa, maana hata mimi niliwahi kuulizwa, tena kwa kejeli.

Nauza mitumba soko la Mlango Mmoja, hapa Mwanza. Kuna siku meza inanipa nyama, kuna siku inanipa nauli tu. Wifi yangu aliwahi kufunua ndoo zangu za akiba mbele ya wageni, akaona viazi vitamu vilivyokaushwa, akacheka: "Michembe! Huyu mjini amekuja mwili tu." Iliniuma, na hadi leo nikiikumbuka inaniuma.

Ikaja Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi. Intaneti ikazimwa nchi nzima. Mtaani kwetu maduka yakafungwa, wakala wa kutolea pesa haonekani, na mwenye hela kwenye simu akawa hana tofauti na asiye nayo. Wanangu asubuhi walikula michembe kwa karanga, jioni ugali na dagaa. Wifi akamtuma mtoto na bakuli. Nilimjazia mchele, nikamfungia na dagaa. Sikusema neno, lakini kicheko kile sijakisahau.

Ndiyo maana nakwambia, dada yangu, usikubali mtu akuaminishe kwamba akiba ni makopo ya supamaketi. Wasukuma wamekuwa wakikata viazi vitamu na kuvianika juani tangu zamani: vikianikwa vibichi ni michembe, vikichemshwa kwanza ni matobolwa. Vikikauka vizuri vinakaa miezi mingi bila friji. Nunua kiangazi, viazi vikiwa vimejaa sokoni, uanike mwenyewe.

Dagaa nao wana majira yao. Wavuvi huwavuta kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa haifui dafu, mitumbwi mingi inapumzika na bei inapanda. Kwa hiyo nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba siku za giza la mwezi, ununue sado moja (kile kindoo cha kupimia) hata kwa kuchangiana na jirani. Chekecha mchanga, waanike tena juani siku nzima, wapoe kabisa ndipo uwafunge. Ukiwafunga wakiwa na joto wanatoa jasho na kuota ukungu.

Mchele na mahindi, nunua baada ya mavuno. Ukingoja Januari, mahitaji ya shule na bei ya mchele vinakukuta pamoja. Mahindi yapime kwa chumvi: tia chumvi kavu na mahindi kidogo kwenye chupa kavu yenye mfuniko, tikisa, acha dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, rudisha juani. Usilipuuze hili. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, iliua watu Dodoma na Manyara, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Yakikauka, mfuko wa tabaka tatu uliofungwa vizuri unawanyima hewa dumuzi na fukusi, huhitaji kuchanganya dawa na chakula cha watoto.

Utaniuliza hela itoke wapi. Itoke kwenye kila pato, hata likiwa dogo. Mimi nikiuza, kabla sijapita popote natoa mia tano au elfu moja ya ndoo. Wanawake wenzangu, tunachangia harusi, tunachangia sare za vitenge, halafu ndani hakuna hata chumvi ya kesho! Tubadilike. Mume akikucheka, weka. Mawifi wakikusema, weka.

Maji nayo ni akiba. Kukaa karibu na ziwa kusikudanganye, maji ya ziwani yasiyotibiwa yanaweza kuleta kipindupindu. Jaza madumu yenye mifuniko bomba likiwa linatoka, ya kunywa yachemshe au tumia vidonge vya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Weka na mkaa pembeni, sehemu isiyovuja, maana mvua zikikolea mkaa unalowa na bei inapaa.

Kwa hiyo, dada wa Buhongwa, mwezi huu anza na chumvi, kiberiti na dumu moja la maji. Mwezi ujao tafuta ndoo yenye mfuniko unaobana na kilo moja ya maharage. Kilichotangulia kuingia kitangulie kupikwa, na ukichota nusu, rudishia nusu kabla ya kununua kingine. Siku za giza la mwezi zikiingia niandikie, twende wote Mwaloni tugawane sado.