Barua kwa mwanangu: Kitabu kilichofunguliwa kabla kamera haijawashwa

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unasema umemaliza misimu miwili ya Who Do You Think You Are?, kile kipindi cha televisheni cha Uingereza kinachofuatilia koo za watu mashuhuri, na sasa unauliza: inakuwaje mtu anaingia kwenye hifadhi ya nyaraka, anafunguliwa kitabu kikuukuu, na jina la baba wa babu yake linamsubiri pale pale? Na je, ununue kipimo cha vinasaba?

Kitabu kile hakikufunguliwa siku ile. Watafiti walishakipekua mapema wakaweka alama kwenye ukurasa, na mgeni ndiye pekee asiyejua kilichomo. Mshangao wake ni wa kweli, bahati ndiyo iliyopangwa. Tena ukoo usio na kisa hauonyeshwi: Michael Parkinson, mtangazaji mashuhuri wa Uingereza, alisema hadharani kwamba wa kwake uliachwa kwa kukosa mvuto. Kwa hiyo usijipime kwa kipindi.

Kitazame tena, ila simamisha picha kila karatasi inapowekwa mezani. Jiulize iliandikwa lini, nani alitoa habari, na inaunganisha nani na nani. Cheti cha kifo ni shahidi mzuri wa siku ya kufa, lakini kwa umri wa marehemu ni shahidi dhaifu. Aliyeulizwa ni mkwe au jirani, na mwenye kujua hayupo tena kumsahihisha.

Kazi yenyewe inaanzia kwako na kurudi nyuma kiungo kwa kiungo. Usianze na mtu mashuhuri wa zamani ukashuka kumtafutia njia ya kukufikia. Kwa England na Wales, uandikishaji wa serikali ulianza tarehe 1 Julai 1837. Cheti cha kuzaliwa kinakupa wazazi, na jina la ukoo la mama kabla hajaolewa. Kwa majina hayo mawili unatafuta cheti cha ndoa yao, nacho kinataja baba wa kila upande na kazi yake. Hapo umepanda kizazi kimoja. Katikati unaweka sensa, iliyofanywa kila miaka kumi, uone kama nyumba bado ni ileile. Nyuma ya 1837 unabaki na madaftari ya parokia, yaliyoamriwa kutunzwa mwaka 1538, na huko habari zinanyauka: "John, mwana wa William," basi.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Parokia moja ina akina John wawili waliobatizwa miaka miwili mbalimbali, mtu anamchukua anayempendeza, mwingine ananakili mti wake wa ukoo kwenye intaneti, na baada ya muda kosa limepata mashahidi hamsini ambao kwa kweli ni mmoja. Dawa ni kumfuatilia John usiyemtaka. Ukimkuta kwenye daftari la maziko akiwa mchanga, ametoka. Ukimkuta ameoa parokia ya jirani, ametoka pia. Kuna kosa la upande wa pili: kumkataa mtu aliye sahihi. Sensa ya 1841 iliwataka makarani washushe umri wa watu wazima hadi tano iliyo chini, hivyo wa miaka 44 akaandikwa 40. Asiyejua hilo anamtupa babu yake halali.

Mapengo mengine hayana mchawi. Sensa ya 1931 ya England na Wales iliungua mwaka 1942. Ya Marekani ya 1890 karibu yote ilipotea kutokana na moto wa 1921.

Kipindi ninachokuomba ukitazame kwa utulivu zaidi ni Finding Your Roots cha profesa Henry Louis Gates Jr., kinachorushwa na PBS, televisheni ya umma ya Marekani, tangu 2012, hasa pale mgeni anapotokana na watu waliofanywa watumwa Marekani. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja kwa majina wale wote walioachwa huru. Ukivuta orodha ya watumwa iliyoambatana na sensa ya 1860, unakuta jina la mmiliki kushoto, kisha mistari: 1, umri 30, mwanamke, mweusi. 1, umri 8, mwanamume, mweusi. Hakuna jina. Yule mwanamke mwaka 1870 ana miaka 40 hivi na ana jina, lakini hakuna chochote kwenye karatasi hizo mbili kinachosema ni mtu mmoja.

Daraja hujengwa kwa nyaraka za mmiliki. Unaanza na majirani wa familia ile mwaka 1870, kwa kuwa wengi hawakuhamia mbali. Unaorodhesha wenye mashamba wa kaunti ile, kisha unafungua wosia zao na orodha za mirathi, ambamo watu wameandikwa kwa majina ya kwanza, kila mmoja na bei yake, pamoja na ng'ombe na majembe. Unachotafuta ni kundi: mama na watoto wanne kwa majina na umri uleule. Jina moja tu halitoshi. Fomu za Freedman's Bank, benki ya walioachwa huru (1865–1874), zinasaidia, maana baadhi zinataja wazazi, ndugu na hata bwana wa zamani. Na usidhani kila mtu alichukua jina la ukoo la bwana wake wa mwisho. Wengi hawakufanya hivyo, na dhana hiyo imewapeleka watafiti shamba lisilo lao.

Kipindi hicho nacho kiliwahi kukwaa. Mwaka 2015 ilijulikana kwamba mwigizaji Ben Affleck aliomba babu yake wa vizazi vya nyuma aliyemiliki watumwa asitajwe, na kweli hakutajwa. PBS ikaona kanuni za uhariri zimevunjwa na kuahirisha msimu wa tatu. Hati hazikuwa na kosa, kosa lilikuwa kwenye kuchagua. Lijue hilo unapotazama.

Kuhusu kipimo: zile asilimia za "asili yako" zichukue kwa wepesi. Zinatokana na kulinganishwa na watu ambao vinasaba vyao vimo kwenye hazina ya kampuni inayopima, na hazina ikibadilika nazo hubadilika. Chenye thamani ni orodha ya ndugu unaooanishwa nao. Watoto wa ndugu wawili hushirikiana takribani asilimia 12.5 ya vinasaba, wajukuu wa ndugu hao asilimia 3, na ukifika kwa vitukuu, karibu mmoja kati ya kumi haonyeshi kinasaba chochote cha pamoja ingawa undugu upo. Kwa hiyo kukosa kuoanishwa na ndugu wa mbali hakukanushi kitu.

Ukinunua kimoja tu, usijipime wewe. Mpime mzee wa juu kabisa aliye hai, kwa sababu kila kizazi huacha nusu njiani. Mweleze kwanza, kabla hajatema mate kwenye kichupa, kwamba majibu yanaweza kuonyesha baba tofauti na yule aliye kwenye cheti, au ndugu ambaye hakuna aliyemtaja. Akisema hataki, weka pesa yako ununue vyeti.

Mama yako