Wazee wa ukoo na kura ya mwananchi

Umeuliza kama haki ya kupiga kura iliyoandikwa katika Katiba haitoshi kumfanya mwananchi ashiriki siasa kikamilifu. Kwa maoni yangu haitoshi, na kaskazini-mashariki mwa Kenya panaonyesha sababu yake. Kabla ya uchaguzi wa 2013, wazee wa Garre, mojawapo ya jamii za Kisomali, katika kaunti ya Mandera walikaa wakagawana nafasi za uongozi miongoni mwa koo zao, kisha wakawataka watu wao wawaunge mkono wagombea waliokwisha kuteuliwa. Utaratibu huo una faida ambayo si haki kuibeza, kwa kuwa eneo hilo limepoteza watu wengi katika mapigano ya koo, na makubaliano ya mapema huweza kupunguza uhasama. Hata hivyo, mwenye kadi ya kura hufika kituoni wakati uamuzi mkubwa umeshafanywa katika kikao ambacho wanawake na vijana kwa kawaida hawakalishwi.

Mwanamke hubanwa mara mbili, kwa sababu akiolewa nje ya ukoo wake, ukoo wa baba humhesabu kuwa wa kwingine na ukoo wa mume humwona mgeni. Katiba ya 2010 ilitenga kiti cha Mwakilishi wa Wanawake kwa kila mojawapo ya kaunti 47, lakini kiti cha kawaida cha ubunge katika eneo hilo hakikupata mwanamke hadi 2017, Sophia Abdi Noor aliposhinda katika eneo bunge la Ijara, kaunti ya Garissa.