Dawa ya ADHD: mtazame mtoto kabla ya kufurahia utulivu

Mzazi akishaambiwa kwamba mwanawe ana ADHD, yaani hali inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kushika jambo moja, na kwamba dawa ipo, kinachomkosesha usingizi ni swali moja: nimpe au nisimpe? Mwanangu anatumia methilfenideti, mojawapo ya dawa za ADHD, kwa hiyo wazazi wenzangu huniuliza hilo mara kwa mara. Simwambii mtu ampe wala asimpe. Hilo ni lao na daktari anayemjua mtoto. Ninachowasisitizia ni kwamba dawa hii haitaki kupewa tu na kusahauliwa. Inataka jicho la mzazi kila siku, hasa miezi ya mwanzo.

Mama yangu aliposikia tumeanza, alinivuta pembeni. “Mwanangu, mnamlevya huyu mtoto?”

Hofu yake ilikuwa ya mapenzi, nikamjibu kwa upole. “Hapana, mama. Hailevyi ikitolewa kwa kipimo cha daktari.” Nikamweleza kwamba dawa hizi huongeza dopamini na noradrenalini, kemikali ambazo ubongo huzitumia kushika jambo moja na kujizuia, na ndiyo sababu dawa inayoitwa kichangamshi humsaidia mtoto asiyetulia. Tena hazikuanza jana. Mwaka 1937 daktari Charles Bradley wa Marekani aliandika kuhusu watoto waliopewa kichangamshi wakaanza kushika masomo, na methilfenideti yenyewe ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1944. Mama hakukubali yote siku hiyo, lakini aliacha kuogopa kumpa dawa anapobaki naye.

Kabla ya kidonge cha kwanza, hakikisha daktari ameuliza habari za moyo: mtoto amewahi kuzimia akikimbia? Kuna mtu katika ukoo aliyefariki ghafla angali kijana? Uzito, urefu, mapigo ya moyo na presha vipimwe na viandikwe, maana bila vipimo vya mwanzo hutajua baadaye kilichobadilika. Na kama mtoto hajafika miaka 6, kwa kawaida mafunzo ya malezi kwa wazazi hutangulia dawa.

Halafu nunua daftari. Andika saa aliyomeza dawa, alivyokula, saa aliyolala, na tukio moja uliloliona kwa macho yako. Usiandike “leo afadhali”. Andika kilichotokea. Mimi niliandika habari za penseli. Zamani mwanangu akifanya hesabu, penseli ikianguka anainama kuiokota, huko chini ya meza anakuta kifuniko cha kalamu, kifuniko kinakuwa gari, na hesabu imekwisha hapo. Baada ya kuanza dawa, penseli ilianguka, akaiokota, akarudi kwenye mstari uleule alioachia. Sentensi hiyo ilimfaa daktari kuliko maelezo yangu yote.

Daktari huanza na dozi ndogo na kupandisha taratibu. Dozi yetu ilipopandishwa, sifa zilianza kumiminika. Mwalimu alisema mtoto ametulia kwelikweli, na nyumbani hakukuwa na kelele. Lakini mwanangu hakuimba tena bafuni. Hakumbishia dada yake. Nilimwuliza kama angependa kwenda kucheza, akasema, “Sijui.” Mtoto aliyekuwa na jibu kwa kila kitu! Nikampigia daktari, dozi ikashushwa, na kuimba kukarudi huku umakini ukibaki. Mtoto akiwa kama amezimika, ukimya huo ni dalili ya kuripoti, hata kama kila mtu anaupongeza. Anayeijua furaha ya mtoto wako ni wewe, kwa hiyo sema.

Ufuatiliaji huu una uzito hata kwenye utafiti. Utafiti wa MTA, uliolinganisha matibabu ya ADHD na kuchapishwa Marekani mwaka 1999, ulifuata watoto 579. Waliopewa dawa kwa kuonwa kila mwezi na kurekebishiwa dozi walipungukiwa dalili kuliko waliopata huduma ya kawaida, ingawa wengi wa hao wa huduma ya kawaida nao walikuwa wakitumia dawa. Kwa hiyo ukipewa vidonge ukaambiwa urudi baada ya muda mrefu bila namna ya kuwasiliana, omba tarehe ya karibu zaidi.

Hamu ya kula ndiyo iliyonisumbua kuliko yote. Chakula cha mchana kilikuwa kinarudi kama kilivyokwenda. Kilichotusaidia ni kumlisha vizuri asubuhi kabla ya dawa, kisha kumwachia ale jioni nguvu ya dawa ikishapungua, hata akiomba sahani ya pili karibu na kulala. Sikumgombeza kwa cha mchana. Mpime uzito na urefu kila anapokwenda kliniki, kwa sababu kwa baadhi ya watoto ukuaji hupungua kasi kidogo. Usingizi nao unaweza kuchelewa. Mara nyingi daktari hubadilisha saa ya dawa au aina yake.

Kuna pia ile saa ya machozi. Methilfenideti ya muda mfupi hufanya kazi kwa muda wa saa 4 hivi, za muda mrefu hufikisha muda wa saa 8 hadi 12, na ikiisha mwilini mtoto anaweza kuwaka kwa jambo dogo. Ukishaijua saa hiyo kutoka kwenye daftari, usiiwekee kazi za shule wala mazungumzo mazito. Mpe chakula, mpe nafasi ya kukimbia. Na vidonge vya muda mrefu visipondwe wala kutafunwa. Mtoto akishindwa kumeza, mwulize mfamasia njia nyingine.

Si kila mtoto hufaa kwenye vichangamshi. Zipo dawa za ADHD zisizo vichangamshi. Ipo atomoksetini, ambayo huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake yote, kwa hiyo usiikatie tamaa mapema. Zipo guanfasini na klonidini, ambazo hazikatizwi ghafla kwa sababu presha inaweza kupanda.

Jambo moja naomba tulikatae majumbani mwetu: mtoto akikosea, tusimwulize, “Leo umemeza dawa?” Akisikia hivyo kila siku, ataamini kwamba wema wake unatoka kwenye kidonge na ubaya ni wake mwenyewe. Mwanangu aliponiambia, “Mama, dawa imenisaidia kumaliza hesabu zote,” nilimwambia dawa imemsaidia kutulia, lakini hesabu kafanya yeye. Alisimama akalitazama daftari lake upya.

Dawa ifungiwe, ihesabiwe, na asigawiwe mtoto mwingine hata kama dalili zinafanana. Mtoto akilalamika maumivu ya kifua, akizimia, akiona au kusikia visivyokuwepo, au akisema hataki kuishi, usingoje siku ya kliniki: mpeleke hospitali siku hiyohiyo na uende na boksi la dawa mkononi.