Kabla hujalipia nyumba ya Mjerumani Lushoto, uliza!

Jumapili nimepata ujumbe wa msomaji: "Dada, mimi na mwenzangu tunatimiza miaka mitano ya ndoa. Tunataka nyumba ya zamani huko milimani, kulala na chai ya asubuhi tu, basi. Wewe ulienda Lushoto, tupe ushauri."

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Ushauri ninao, ila kwanza nitoe la moyoni.

Tulikwenda Julai mwaka jana. Dar hadi Mombo siwasimulii, basi ni basi. Ukiiacha Mombo ndipo mambo yanaanza: kilomita kama 33 za kona tupu, mwamba huku, korongo kule, masikio yanaziba kabla hata hujafika Soni. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na wakubwa wao wakapanda huku juu kukimbia joto la pwani. Mji wakauita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Baadhi ya nyumba zao, kuta nene ajabu, ndizo leo tunazolipia kulala.

Yetu ilikuwa shambani, nje kidogo ya mji. Kwenye picha niliona chumba cha mbele: dirisha kubwa, bonde lote, meko ya ukutani inawaka. Nikakilipia miezi miwili kabla, risiti ninayo. Tunafika, dada wa mapokezi anayapitia mabegi yetu kwa macho, kisha kwa upole kabisa: "Samahani, kile wamepewa wageni."

Na sisi ni nani? Nilimuuliza. Akatabasamu.

Wageni wenyewe niliwaona jioni, wazungu wawili wazee, watu wazuri tu. Wakanikaribisha hata nipige picha dirishani kwao. Yaani nikapiga picha ya utalii kwenye chumba nilichokilipia mwenyewe! Hadi leo linanikaba kooni.

Sisi tukapewa cha nyuma, kinatazama banda la kuni. Kuni zenyewe zinalipiwa kwa mzigo, hilo hatukuambiwa. Maji ya moto yanatoka kwenye pipa linalokokewa moto nje. Mume wangu akatangulia kuoga, mimi nikabaki na povu kichwani na maji ya barafu.

Sasa sikieni. Nyumba ya miaka mia na ushee lazima ilie, na sakafu ya mbao inayopiga kelele mtu akienda msalani usiku nimeisamehe. Lakini ulizeni! Uliza chumba gani, kwa namba, waiandike kwenye risiti. Uliza maji ya moto ni saa ngapi. Uliza kuni. Ukifika Mombo piga simu uulize tena. Sisi tunaona haya, tunaogopa kuitwa washamba, halafu tunalalamika kwenye basi la kurudi. Hela yako umeitolea jasho, usiipeleke mahali ikasimame mlangoni kama mgeni asiyealikwa.

Ila asubuhi, jamani. Mkate mweusi wa rai, jibini ya hukohuko, jemu ya plamsi, ukungu unaingia hadi barazani unagusa kikombe. Mume wangu alikula vipande sita, nilihesabu. Baadaye tukatembea hadi Irente. Ukisimama pale jabalini unaiona Mazinde chini kabisa, na mkonge umepangwa mistari kama kichwa kilichosukwa twende kilioni. Tulikaa saa mbili bila kugombana, jambo la nadra kwetu. Kwa hiyo nendeni. Na sweta zito, Julai ya kule si mchezo.

Halafu kuna ufunguo. Wa chuma, mrefu kama kiganja changu, umefungwa kibao cha mbao. Niliukuta kwenye pochi tumeshafika Mbezi. Walipiga simu wakaomba niwatumie kwa basi. Nikawaambia nitauleta mwenyewe, siku watakayoniandikia kile chumba cha mbele.