Kuroa (mkanda) ya distribisio ikikatika, usipige starta tena

Kaka, umesema Corolla yako ya 1996 ilizima ghafla ukipanda Nyawera, Bukavu, na sasa starta inazunguka nyepesi isivyo kawaida. Huenda kuroa ya distribisio imekatika, yaani mkanda ndani ya injini unaofanya valvu zifunguke na kufungwa kwa wakati wake. Acha kupiga starta, wala vijana wasikusukume ili iwake. Ivutwe hadi garaji.

Ikiwa ni ya esansi (petroli), injini 4A-FE, una bahati: hata kuroa ikikatika, pistoni hazigongi valvu. Yangu ilibadilishwa kuroa ikawaka siku ileile. Ingekuwa ya mazutu (dizeli), huenda valvu zimepinda. Hapo fundi apime kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), pengine afungue kichwa cha injini.

Badilisha pia galeti (puli inayokaza kuroa) na, ukiweza, pampu ya maji. Kuroa iliyokwisha tumika? Hapana, hata wakuapie.